Vifungo Ishirini na Viwili

Arusha mjini
Jumatatu, 13 Julai 1992

Kwako Koko Simaloi,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya robota la mitumba nyuma ya duka. Mama Nalepo amekwisha kuuza maziwa yake na anasubiri barua hii mlangoni na madebe matupu, kwa hiyo sitakuuliza habari za mbuzi. Tafadhali usimsomee Yeyo barua hii, mama akijua hatalala. Ukishaisoma iweke pale unapoweka vitu ambavyo mtu mwingine hatavipata.

Gauni la harusi limepotea, na Mama Hans anasema mimi ndiye mwizi.

Nilikueleza juu ya lile gauni jeupe alilolileta kutoka Nairobi baada ya biashara kufunguliwa, analowakodishia maharusi. Hakuna jingine kama hilo mtaa mzima. Lina mikono mirefu ya lesi, na mgongoni lina vifungo ishirini na viwili vidogo kama punje za mtama, na cha tatu kutoka juu kitanzi chake ni kigumu. Linakaa chumba cha nyuma. Funguo ziko mbili tu, moja ya Mama Hans na moja ninayoivaa shingoni. Alinipa Aprili, nilipotimiza miezi mitano hapa tangu nimalize kidato cha nne. Alisema, “Nashipae, chumba hiki ni chako, mimi nitakuwa nabisha hodi.” Sijawahi kupewa kitu kama hicho na mtu asiye wa kwetu.

Jumamosi Mama Hans alikwenda Kikatiti kwa wazazi wa Irine, binti atakayeolewa Jumamosi hii. Jumapili sote tulikwenda kanisani, ilikuwa Mavuno. Tuliporudi Mama Hans alifungua chumba ili apige pasi shela, akakuta shela iko na gauni halipo. Kufuli lilikuwa zima.

Alinitazama shingoni. Alinyoosha mkono tu, nikamvulia ufunguo.

Irine atakuja kulichukua gauni Ijumaa saa kumi jioni. Mama Hans amesema kama hadi saa hiyo halijaonekana, atanipeleka kituo cha polisi na kumwita Baba aje anione nikiwa hapo. Koko, sikuiba. Jumamosi saa kumi gauni lilikuwepo, nililiona kwa macho yangu.

Nimekuandikia wewe kwa sababu ulimpata ndama wa mzee Lesian wakati mgambo wote walikuwa wamekata tamaa. Bibi Anyesi ni mzima.

Mjukuu wako,
Nashipae


Ngaramtoni
Jumatatu jioni, 13/7/92

Nashipae mjukuu wangu,

Marahaba. Naandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana, leo nimechana Januari. Nimevaa koti la mvua la babu yako ingawa mvua hakuna, maana ndilo koti la kufikiria. Yeyo wako ameniuliza naandika nini, nikamwambia naorodhesha mbuzi. Ameondoka.

Sasa sikia. Ng'ombe akipotea, mimi siulizi ameibiwa na nani. Nauliza mara ya mwisho alikunywa maji wapi na nani alikuwa naye. Ukianza na mwizi utatafuta mwizi hadi kesho, na ng'ombe amelala tu kichakani anacheua.

Mwizi wa kuuza asingeacha shela. Nani atanunua gauni lisilo na shela? Kwa hiyo hatuna mwizi. Tuna mtu mwenye sababu.

La pili. Umesema uliliona gauni kwa macho. Lakini unajua kwamba kitanzi cha tatu ni kigumu. Ugumu hauonekani kwa macho, mwanangu, huo ni wa vidole. Na vifungo vya mgongoni mtu havihesabu gauni likiwa ukutani, anavihesabu anapovifunga. Vifungo ishirini na viwili ni kazi ya kumfunga mtu. Mtu huyo si wewe, maana mikono yako haifiki hata kwenye zipu, tangu darasa la tatu mimi ndiye niliyekuwa nakufunga. Bibi harusi alikuwa Kikatiti. Mama Hans alikuwa Kikatiti pia.

La tatu. Tangu Novemba hujawahi kuniandikia barua yenye mistari chini ya kumi juu ya Bibi Anyesi, mama yake Mama Hans. Amecheka hivi, ameipigia redio kelele hivi, amelala na viatu. Leo umeniandikia maneno manne, “Bibi Anyesi ni mzima.”

Sikuulizi kwa ukali. Nadhani umetoa ahadi na unaishika. Hilo ni jema, lakini ahadi yako isikufikishe polisi. Niandikie yote. Na uniambie hili: kuanzia Jumamosi saa kumi hadi Jumapili mchana, nani alitoka nyumbani akiwa amebeba nini, na alirudi na nini.

Kunywa maziwa aliyonayo Mama Nalepo kwenye chupa ndogo. Ni yako, si ya kuuza.

Bibi yako,
Simaloi


Arusha mjini
Jumanne, 14 Julai 1992

Koko,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nilifunika uso kwa aibu, ingawa sikuwa na mtu. Kweli nilitoa ahadi.

Jumamosi mchana nilikuwa napiga pasi pindo la gauni, Bibi Anyesi akaja akasimama mlangoni na kikapu chake mkononi. Akalitazama muda mrefu. Kisha akasema, “Mimi niliolewa nimevaa kaniki. Babu yake Hans alivaa koti la kuazima, na mikono ilimfika hapa.” Akanionyesha kiwiko. Nikacheka. Akasema, “Nifunge dakika moja tu, nijione, halafu tulirudishe. Huyu binti yangu akijua atasema akili zimeniishia, atanirudisha Machame kabla sijamaliza dawa za mguu.”

Koko, nilimfunga. Alinyooka mbele ya kioo kama mtu wa kwenye picha. Alitoa ugoro wake akanusa, akasema bibi harusi wa umri wake ana ruhusa. Mara mteja akaita mbele. Nilimfungua haraka, akaniambia, “Nenda, nitalitundika mwenyewe, na usimwambie mtu.” Nikaapa. Jioni nilifunga chumba bila kutazama ndani. Hilo ndilo kosa langu, na nilikudanganya niliposema nililiona saa kumi. Nililiona saa tisa.

Nilimwuliza juzi kwa sauti ya chini, “Bibi, uliliweka wapi?” Akajibu, “Redio hii inakwaruza.” Anasikia vibaya, lakini nadhani hiyo aliisikia.

Swali lako. Mama Hans alitoka Jumapili na mkoba na Biblia, akarudi navyo. Mimi nilitoka na kitabu cha nyimbo, nikarudi nacho. Bibi alitangulia kanisani mapema akiwa na kikapu chake. Na sasa ninapoandika ndipo ninapoona, Koko. Hakurudi nacho. Ugoro wake tangu Jumapili anauweka kwenye mfuko wa nailoni. Kile kikapu alikuja nacho kutoka Machame, hata bafuni alikuwa anakwenda nacho.

Bibi hali chakula vizuri. Jana Mama Hans alipika ndizi, yeye akaisogeza sahani mbali kabisa.

Sitaki apate aibu. Heri nipate mimi, maana mimi ni mdogo, watu watasahau. Lakini naogopa Ijumaa.

Nashipae


Ngaramtoni
Jumanne jioni, 14/7/92

Kwako Bibi Anyesi,

Mama mwenzangu, hunijui. Mimi ni bibi yake Nashipae, yule msichana anayesema kwa sauti ndogo. Barua hii nimeifunga kwa nta ya nyuki ili aisome mwenye jina lake tu. Kama macho yako ni kama yangu, isome karibu na dirisha.

Sitakuuliza habari za gauni. Nakuuliza habari za kikapu.

Mimi pia ni mzee. Nalala na buti kwa sababu ya nge, na watu wa hapa wanasema nimechanganyikiwa. Nawaacha waseme, maana mtu akikudhania umechanganyikiwa huongea mbele yako bila kujificha. Lakini najua pia hofu ya kurudishwa mahali kama mzigo. Kwa hiyo sijaandika kukushitaki.

Naandika kwa sababu sijui kama umeambiwa. Binti yako atampeleka mjukuu wangu polisi siku ya Ijumaa saa kumi jioni. Mtoto anajua kwamba ulilivaa lile gauni. Ametakiwa aseme, na hajamwambia mtu wa nyumba hiyo hata mmoja. Mimi niligundua mwenyewe, kwa vifungo.

Kikapu kiko wapi, mama?

Wako katika uzee,
Simaloi wa Ngaramtoni


Arusha
Jumatano, 15 Julai 1992

Dada Simaloi,

Nimepokea barua yako ndani ya kifuniko cha debe la maziwa. Nilisoma misheni hadi darasa la nne, kwa hiyo nitajibu kwa mkono wangu na usicheke herufi.

Habari za polisi sikuambiwa. Wanazungumzia dukani na mimi niko ndani na redio. Nilijua mtoto anagombezwa, nikasema atagombezwa leo kesho yataisha, kama wanavyogombezwa watoto wote. Baada ya kusoma barua yako nilizima redio. Mungu anisamehe.

Kikapu nimekitoa sadaka.

Nilipovua gauni niliona ugoro umemwagika kifuani, doa kama la chai. Nilifikiri, nyuma ya kanisa yuko mwanamke anayeondoa madoa, nitampelekea Jumapili asubuhi, litakauka, nitalirudisha bila mtu kujua. Nikalifunga kwa kanga mbili nzito ili utomvu usilipate, nikalilaza kikapuni, juu nikajaza ndizi mbivu ili binti yangu asione. Nilijiona nina akili sana.

Dada, nilisahau kwamba ni Mavuno. Unajua mambo ya siku hiyo. Hakuna mtu anayefika mlangoni na kikapu kilichojaa akaambiwa ametoka sokoni. Mzee wa kanisa alinipokea kabla sijasema salamu, akakinyanyua, akasema, “Na mguu huo bado umebeba mwenyewe, Mungu akubariki.” Nilimshika koti, akadhani namshukuru. Kikapita katikati ya kanisa, kikawekwa madhabahuni kati ya jogoo na malenge, akatangaza, “Kikapu cha Bibi Anyesi kutoka Machame.” Watu wakapiga makofi. Ungefanya nini wewe? Na mimi nilipiga makofi.

Baada ya ibada wakapiga mnada hapo nje. Nilitaka kukinunua, nikawa mimi ndiye naongeza bei ya kikapu changu, watu wakacheka wakidhani ni utani. Mzee mmoja akanishinda. Naye hakukichukua. Alimkabidhi mwinjilisti mgeni aliyetuhubiria, zawadi ya safari. Mtu mrefu, sauti nene, anatoka huko upande wenu. Akaondoka nacho kwenye baiskeli.

Sasa nitaanzaje? Nimwendee mtumishi nimwambie nirudishie nilichompa Mungu? Na nimwambie binti yangu nini, ambaye anasubiri tu sababu? Nimekuwa nikitafuta maneno tangu Jumapili na nimepata ugoro tu.

Kama unaweza, nisaidie. Kama huwezi, Ijumaa saa tisa nitasimama mwenyewe mbele ya duka niseme. Mtoto hatakwenda polisi.

Anyesi


Ngaramtoni
Alhamisi jioni, 16/7/92

Nashipae,

Kaa chini kwanza, kwenye lile robota lako. Gauni ninalo.

Nimechana Februari na Machi, maana barua hii ni ndefu na nataka kucheka ndani yake.

Bibi Anyesi atakueleza mwenyewe jinsi gauni lilivyokwenda kanisani likachukuliwa na mwinjilisti mgeni mrefu mwenye sauti nene. Niliposoma maneno hayo jana jioni niliweka barua chini nikavaa koti la babu yako. Wako wangapi upande huu wenye urefu huo na sauti hiyo na baiskeli? Ni Parsimei. Anakaa ng'ambo ya korongo, na mimi ndiye niliyempa mkewe Elifuraha kuku wa kwanza wa kufuga. Gauni lililokuliza wewe siku nne lilikuwa umbali wa mimi kuita na kuitikiwa.

Nilikwenda asubuhi, mbuzi wakiwa bado hawajafunguliwa. Elifuraha alinikaribisha chai, lakini alikuwa na uso wa mtu mwenye wageni ndani. Nikamwuliza, “Ndizi za Mavuno zilikuwa tamu?” Akamwaga chai.

Masikini, wamepata shida. Waliondoa ndizi Jumapili wakakuta kanga, wakafungua kanga wakakuta bibi harusi hana mwili. Wakaamua kwamba mwizi wa mjini ametubu, akaona aibu kusema, akaficha alichoiba chini ya sadaka ili kifike kwa Mungu. Wakasema wakimtangaza mwizi watamvunja moyo. Kwa hiyo wamemwombea kila jioni saa moja, wakisubiri aje mwenyewe. Mwambie Bibi Anyesi ameombewa jioni nne mfululizo kama mwizi aliyetubu, na anayeomba ana sauti inayofika Monduli.

Nikawaeleza. Elifuraha alicheka hadi akakaa kwenye kigoda. Parsimei hakucheka. Alifikiri, mikono mgongoni, mimi nikaanza kuogopa, maana nilijua swali lake: kilichowekwa madhabahuni kinarudije? Nikawa tayari kumpa mbuzi dume badala yake, yule mweusi, na unajua ninavyompenda. Mwisho akasema, “Bibi Anyesi alitoa ndizi, na ndizi tumekula. Gauni lilipanda tu na ndizi.” Hata mbuzi hakumtaka.

Doa halipo. Elifuraha alilitoa kwa limao na kulianika kwenye majani, akisema hata mwizi akija alikute safi. Nimelitazama juani nikiwa na koti na miwani yote miwili.

Mama Nalepo atafika nalo kesho asubuhi kwenye debe jipya ambalo halijawahi kuona maziwa. Nimenusa mwenyewe. Kikapu nacho kinarudi, na ndani yake viazi kutoka kwa Elifuraha.

Usimpe Mama Hans gauni. Mpe Bibi Anyesi, naye atampa. Hilo ni lake kufanya, wala usimsaidie hata neno moja.

Kitu kimoja. Uliandika kwamba heri upate aibu wewe kwa kuwa u mdogo, watu watasahau. Mimi nina miaka sabini na kitu na hakuna nilichosahau. Usiseme hivyo tena.

Simaloi


Arusha
Jumamosi asubuhi, 18 Julai 1992

Kwa Mama Simaloi,

Shikamoo mama. Mimi ni Mama Hans. Natoka sasa hivi kwenda Kikatiti harusini kwa hiyo nitasema kwa kifupi, na pia kwa sababu ni vigumu.

Jana saa tatu mama yangu aliingia dukani na gauni mikononi, akasema mbele ya wateja watatu, “Nililivaa mimi, nikalimwagia ugoro, nikalitoa sadaka. Huyu mtoto alijua nusu yake akanyamaza kwa ajili yangu.” Mimi nilikuwa nimeshika mita na kitambaa. Nilikaa chini. Mteja mmoja ndiye aliyenipa maji.

Nilimwita mjukuu wako mwizi. Nilimwita mara nyingi, na mbele ya majirani. Hakuwahi kunijibu vibaya, na nikachukulia ukimya wake kuwa ndio ushahidi. Nimemwomba msamaha jana. Alisema “haina neno” kwa sauti ambayo ilibidi niiname kuisikia.

Ndani ya barua hii nimeweka jani la sale. Kwetu mtu akikosea sana hupeleka jani hili, na anayelipokea huwa hakatai. Nimelikata mwenyewe kwenye uzio wa jirani. Nakuomba ulipokee.

Mama Hans


Ngaramtoni
Jumapili, 19/7/92

Mama Hans,

Marahaba mwanangu. Jani nimelipokea. Nililiweka juu ya meza ili nilitazame vizuri, maana ni kitu kizito, na nilipogeuka kuchukua miwani yule mbuzi mweusi aliingiza kichwa dirishani akalila lote.

Nimefikiri na nimeona haidhuru. Mimi nilikuwa nimesamehe kabla hajatafuna, na yeye, ambaye nusura aende kwa mwinjilisti kwa sababu ya gauni lako, naye inaonekana amesamehe.

Jambo moja la mzee kwa kijana. Mama yako hajachanganyikiwa. Mtu anayeweza kufunga gauni katika kanga mbili lisiguswe na utomvu, akalificha chini ya ndizi na binti yake mfanyabiashara asione, huyo ana akili kuliko sisi wote. Alitaka kujiona tu. Umewahi kumwuliza alivaa nini siku yake?

Simaloi


Arusha mjini
Jumatatu, 20 Julai 1992

Koko wangu,

Shikamoo, na leo nauliza habari za mbuzi kwanza. Mama Hans alitusomea barua yako asubuhi hii wakati wa chai. Alipofika kwenye mbuzi alishindwa kuendelea, akampa Bibi, Bibi naye akashindwa, nikamalizia mimi. Koko, nilisoma kwa sauti mbele ya watu wawili na sikutetemeka.

Irine alipendeza. Nilikuwa nyuma yake kanisani Kikatiti, na kila alipopiga magoti nilitazama vifungo. Vyote vilikaa. Alipokuwa anapita karibu yangu nilisikia harufu ya limao.

Gauni lilirudi jana jioni. Leo baada ya chai Mama Hans hakufungua duka. Aliikunja barua yako mapajani, akamwuliza Bibi, “Mama, wewe ulivaa nini?” Bibi akajibu, “Kaniki. Hukuwahi kuniuliza.” Mama akasema, “Nauliza leo.”

Akainuka, akavua ufunguo shingoni mwake, ule wangu, akaniwekea mkononi. Nikafungua mlango.

Tulimvalisha Bibi Anyesi sote wawili. Mama alianzia chini na mimi nilianzia juu, maana yeye hajui kile kitanzi cha tatu. Tukakutana katikati. Bibi alikuwa anasema, “Taratibu, sitaki mtu anipige pasi nikiwa ndani.” Mama alikuwa analia na kucheka na kumwambia ugoro leo ni marufuku. Mpiga picha wa jirani amekuja na kamera yake, na Bibi amekataa kuweka kikapu chini. Kwa hiyo kwenye picha atakuwa na shela kichwani na kikapu mkononi. Nitakutumia moja.

Mama Hans amebisha hodi sasa hivi. Naandika nikiwa ndani ya chumba cha nyuma, na mlango uko wazi kabisa, lakini amesimama nje anasubiri nimwambie karibu.

Mjukuu wako,
Nashipae